Foku ya Enzi Ile

Mambo yaliharibika Jumamosi ya mashindano ya pikipiki za zamani, mkaguzi alipoinama mbele ya ile niliyomuundia binti yangu: fremu ya mashine moja, injini ya nyingine, tangi la ya tatu.

"Mzee, foku hii ya mbele ni ya juzi tu. Hapa tunataka vyuma vya enzi ile."

"Bwana mkubwa, hiyo ndiyo inayomshikia gurudumu akiruka matuta."

"Mimi naangalia umri wa chuma. Matuta ni yenu."

Ndivyo walivyo wakubwa. Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri sahihi ya mmoja wao.

Foku ya enzi ile nilikuwa nayo garini. Nilikuwa nimeiweka kando kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele. Jicho haliuoni, ila ukucha unakwama.

Mkaguzi akaipangusa, akatabasamu. "Hii ndiyo yenyewe. Ifunge upesi."

"Baba, usinitoe leo," binti yangu akaninong'oneza. "Wale wanaotafuta waendeshaji wa timu yao wamekuja kunitazama mimi."

Nikaifunga. Nati ya mwisho ikanigomea. Akafunua kioo cha helmeti, akanitazama.

"Baba, hii itanishika?"