Barua ya Kumteua Wakili

Wakili alisimama na utukufu wote wa koti jeusi, katika joto la mji wa Nagpur, India, akaitangazia Tume ya Taarifa, inayosikiliza rufaa za walionyimwa nyaraka za serikali, kwamba daftari la mgao wa mchele ambalo Bibi Sushila alinyimwa, akakata rufaa, lililiwa na mchwa. Afisa ugavi aliyemkodi wakili huyo akainamisha kichwa kama mfiwa.

Sushila aliwatazama kama maziwa yaliyochacha. Miaka miwili hajaonja mchele wa serikali, na kila akienda kwenye duka la mgao huambiwa ameshauchukua.

"Mheshimiwa Kamishna, mimi daftari nilimwomba afisa. Huyu wa koti, hao mchwa aliwaona wapi?"

"Bibi, afisa ana haki ya kusemewa," wakili akasema. "Wewe wakili wako yuko wapi?"

"Mdomo ninao, mwanangu. Huyo afisa wako, wake kaukodi."

Kamishna akapiga mwayo. "Wakili anaruhusiwa, mradi aonyeshe barua ya kumteua."

"Ipo!" Wakili akafungua kwa madaha uzi mwekundu wa faili la ofisi ya afisa. Lakini ofisi hiyo ilikuwa na desturi takatifu: karatasi zote za shauri moja hufungwa pamoja, zisipotee. Barua ikatoka. Nyuma yake likatoka daftari, zima, halina hata tundu la sindano.

Sushila akalivuta. Kila mwezi, mbele ya jina lake, palikuwa na alama pana ya dole gumba ya kupokea mchele, pana mara mbili ya lake.

"Bwana afisa," akasema kwa upole, "hebu tuone dole gumba lako."

Afisa akautia mkono mfukoni.