Mkeka wa Aliyekosa

Siku ya tatu ya matanga ya bintiye Rukaiya, Bi Shuena alitandika mkeka mpya barazani. Katika mji ule, aliyesababisha kifo, hata kwa bahati mbaya, huja kuukalia, husema "nimekosa," kisha hupewa maji ya kunywa. Asipokuja, matanga hayaondolewi.

Hospitali ilileta watu watatu. Wakasimama kando ya mkeka, viatu miguuni.

"Mashine ya kuchunguza wagonjwa ndiyo iliyosema Rukaiya arudi nyumbani," alisema daktari kijana. "Mimi nilisoma jibu lake tu, mama."

"Nami niliipokea kwa amri ya wakubwa," alisema mganga mkuu.

"Mimi niliifunga tu," alisema fundi. "Inajifunza yenyewe."

Bi Shuena aliwasikiliza hadi mwisho.

"Haya. Na nani alimwambia mwanangu kwa mdomo wake, 'Nenda nyumbani, huna tatizo'?"

Daktari alitazama chini. "Mimi, mama."

Bi Shuena akamimina maji kikombeni. Daktari akainama, akavua kiatu kimoja. Mganga mkuu akamshika kiwiko, akamnong'oneza neno. Daktari akabaki ameinama kwa muda mrefu, kisha akakivaa kiatu chake.

Walipoondoka, jirani alitaka kuukunja mkeka.

"Uache," alisema Bi Shuena, akakiweka kikombe katikati yake.

Mvua za vuli zikaanza, zikaisha. Wageni bado huuzunguka mkeka ule ili waingie ndani, na kila asubuhi Bi Shuena huyamwaga maji ya jana, akajaza mengine.