Madoa Mekundu ya Gari la Mkunga

Fundi hakuwa na cheti. Hakuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, wala jeki isiyoshuka yenyewe, wala kompyuta kama ile ya gereji kubwa ya ng'ambo ya barabara. Meno mawili ya mbele pia hakuwa nayo. Zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma mchana ule, akiwa amelala chali chini ya gari la Mkunga, mafuta mekundu ya gia yakimdondokea shavuni tone baada ya tone.

"Mara ya nne, Fundi," alisema Mkunga, mkoba wake wa kazi begani. Alikuwa ametoka safari ya saa mbili. "Umebadilisha gasketi, ukabadilisha sili ya nyuma, ukabadilisha na ya mbele. Mimi nikiitwa kwa mzazi mara nne na mtoto asitoke, wataniita mkunga?"

"Gari la zamani hili, dada. Gia zake otomatiki za kizamani."

"Ni rika moja na kitindamimba wangu, naye havuji. Na kabla hujalibadilishia mafuta, halikuwahi kuacha hata doa."

Mkewe Fundi alicheka kwenye cherehani yake. Miaka ishirini alikuwa akishona vitambaa vya viti vya magari mle mle gerejini, hatua nne kutoka benchi la spana.

"Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," Mkunga alisema. "Likivuja tena nalipeleka ng'ambo. Na unajua mimi naingia nyumba ngapi kwa mwezi."

Fundi alijua. Mkunga akisema neno, lingefika kila sebule kabla ya yeye kunawa mikono. Alikitazama kibao alichokichora mwenyewe juu ya mlango, FUNDI WA GIA, akakiona tayari kimeshushwa.

Jioni alitandika boksi safi chini ya gari. Asubuhi alilivuta: kavu, halina hata tone.

Akawasha injini, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya. Mafuta yalikuwa yamepungua kidogo chini ya alama ya juu. Akaongeza taratibu mpaka yakaigusa sawasawa. Katika hilo hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Hakuwahi kumpunja mteja mafuta.

"Boksi kavu?" mkewe aliuliza.

"Kavu."

"Basi likilala haliumwi. Linaumwa likitoka safari." Alikata uzi kwa meno. "Baba, mbona unapima asubuhi, lingali baridi?"

"Mama, shona."

"Nauliza tu. Kitu kikipata moto si kinaongezeka?"

"Maziwa ndiyo yanaongezeka. Hii ni gia."

Mkewe akashona.

Fundi alirudi chini ya gari na tochi. Mafuta yalikuwa yamechuruzika ubavuni mwa giaboksi yakalowesha kila kitu, gasketi, sili, boliti zote, hata usijue mwizi ni nani. Alipotoka alikwenda kusimama mbele ya ukuta wake.

Ukuta ule ndio uliokuwa chuo chake. Kila Ijumaa, kwa miaka sita, alikata gazetini safu ya Bingwa wa Gia, aliyejibu maswali ya wasomaji, akaibandika pale kwa gundi. Fundi aliishia darasa la nne. Mengi aliyoyajua baada ya hapo aliyapata kwa Bingwa. Mkewe yeye alikuwa amesoma shule ya jioni miaka mitano, Jumanne na Alhamisi, na Fundi hakumzuia, maana alidhani wanafundishwa mitindo ya nguo.

"Huyu ndiye mwanamume," alisema, akigonga karatasi moja kwa kidole cheusi. "Haropoki. Anakuuliza kwanza, ndipo anakujibu. Laiti ningekuwa jirani na mtu kama huyu!"

"Mwandikie," alisema mkewe.

Iliwachukua yeye na kalamu asubuhi nzima. Aliandika kila kitu: gasketi, sili mbili, boksi kavu, alama ya juu, mpaka neno la Mkunga na ile Ijumaa. Maneno yaliyomshinda alimwuliza mkewe, naye alimtajia herufi moja moja bila kuacha kushona. Kisha akamkabidhi bahasha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akienda posta kila Jumatatu kufuata vifurushi vyake vya uzi.

"Usiichungulie njiani. Ni mambo ya ufundi."

"Barua ya mtu haichunguliwi," alijibu mkewe, akaitia kwenye mkoba.

Huko posta mkewe aliketi kwenye benchi la dirishani na kuifungua bahasha bila haraka. Akaisoma mara mbili, akitabasamu palipoandikwa "mafuta sijawahi kupunja". Akatoa kalamu na karatasi safi, akaandika:

"Sili zako ni nzima. Gari halijatoboka, limeshiba. Unalijaza lingali baridi mpaka alama ya juu, ambayo ni ya mafuta yaliyopata moto. Likisafiri, mafuta yanaumuka kama maziwa, yanatokea kwenye tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi na kuchuruzika hadi chini, nawe unalaumu sili. Yapunguze, kisha upime baada ya mwendo wa nusu saa, injini ikinguruma."

Akaongeza, "Na yule uliyemwambia ashone, mwombe radhi." Akautazama mstari huo kwa muda, akaukata kwa wino mpaka haukusomeka.

Chini yake akatia sahihi ile ile ya kila Ijumaa, Bingwa wa Gia. Akalitia jibu pamoja na swali katika bahasha mpya, akalamba gundi, akaifunga, akaandika anwani ya mhariri wa gazeti, akaitumbukiza sandukuni.