Barua ya Mwajiri

"Hapa panatakiwa barua ya mwajiri wako," karani wa mahakama alisema, akiirudisha fomu ya kuomba kutangazwa muflisi kwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Dada, mimi ni seremala. Nimejiajiri," Kitwana alijibu.

"Basi mwajiri ni wewe. Jiandikie barua kwamba umejiachisha kazi. Na muhuri uwepo."

Kitwana akasaga meno. Alikwisha kuorodhesha randa, misumeno, hata kitanda anacholalia. Sasa wanataka ajifukuze kwa mkono wake mwenyewe! Akavuta karatasi, akaandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa: "Ndugu Kitwana, kuanzia leo huna kazi." Akasita, kisha akaongeza: "Ahsante kwa miaka kumi na tisa."

Muhuri wa karakana alitembea nao mfukoni. Aliununua kabla hata ya nyundo, ili watu wajue ana ofisi. Wino ulikuwa umekauka. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwa viganja viwili.

Karani akaikagua barua. "Bado. Hapa chini mfanyakazi asaini kwamba ameipokea."

Kitwana akahamia kiti cha pili, akaanza kuisoma tangu mwanzo.