Vigelegele vya Jumatatu

Mchezaji wa kofia ya njano aligongwa, akarushwa juu, akaanguka chali. Hakuinuka. Mama Pankras akasimama na kupiga vigelegele.

Banda zima la video likageuka kumtazama.

"Huyu mama ana roho gani?" kijana Dastan aliuliza. "Timu yake mwenyewe, aliyeumia ni wake, na yeye anashangilia."

Kwenye runinga wakaweka matangazo. Mama Pankras akakaa, akafungua pindo la kanga, akatoa rozari na kusali taratibu. Matangazo yalipokwisha, yule mchezaji alikuwa ameketi pembeni na chupa ya maji. Mama Pankras akaibusu rozari, akairudisha.

Ilikuwa hivyo tangu msimu uanze. Kila Jumatatu mchana king'amuzi cha Shabani, mwenye banda, kilileta marudio ya mpira wa Wamarekani, ule wa kushika mikononi na kugongana kama mafahali. Pale kijijini Ngumbo hakuna aliyejua sheria zake. Vijana walikuja kwa sababu ya kubeti tu. Mama Pankras alianika dagaa wake wa usipa asubuhi, akaja na kigoda chake, akakaa mbele kuwatazama kofia za njano. Magoli hayakumshtua. Akianguka wa timu nyingine, hata shingo hakuinua. Akianguka wa kofia ya njano, vigelegele.

Na hao kofia za njano walikuwa wanafungwa, wiki hii wanafungwa, wiki ijayo wanafungwa tena.

"Anawaroga," Dastan alisema bila kunong'ona. "Mkeka wangu wa kubeti unachanika kwa sababu yake. Ndiyo maana hata binti yake Devotha alimkimbia, akaenda huko nje ya nchi moja kwa moja. Kaburi la baba yake hajaliona."

Mama Pankras alisikia. Macho yake yalibaki kwenye runinga.

Jumatatu ya mwisho wa msimu, Shabani alimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe."

"Mama yangu, vijana wamegoma. Wanasema ukiingia wewe, wao wanatoka. Na mimi nakula kwa hao hao."

"Watoke. Kigoda ni changu, macho ni yangu. Umeona nimemgusa mtu?"

"Si uwaambie tu unashangilia nini."

"Nikiwaambia watacheka. Macho wanayo, watazame."

Akampita, akaweka kigoda mbele kabisa, karibu na kioo kuliko siku zote. Vijana wakanung'unika, lakini mvua ilikuwa imeshika na mechi imeanza. Hakuna aliyetoka.

Siku hiyo kofia za njano walicheza kama watu waliochoka kuonewa. Wakigongwa, wanainuka. Wakisukumwa, wanasukuma.

"Leo hawaanguki," Dastan alisema. "Leo vigelegele utarudi navyo nyumbani, mama, ukawapigie usipa."

Banda likacheka. Mama Pankras alikaa na rozari yake.

Zilibaki dakika chache, kofia za njano wakiongoza, ndipo mmoja wao akapigwa kikumbo cha shingo, akalala kifudifudi.

Mama Pankras akasimama.

Dastan naye akasimama, akaja mbele yake, mgongo wake kwenye runinga, mikono kiunoni. "Thubutu. Leo ukipiga, unatoka. Nakutoa mwenyewe."

Mama Pankras akamtazama usoni. Kisha akapiga, virefu, mpaka mvua ya kwenye bati haikusikika.

Na kama kawaida, wote wakamgeukia yeye. Shabani peke yake, aliyekuwa ameinua rimoti ili azime, alikuwa anatazama runinga. Safari hii hawakuweka matangazo. Mwanamke mfupi, mkoba wa dawa mgongoni, alikuwa ameingia uwanjani mbio, akapiga magoti kwenye nyasi, akakishika kichwa cha majeruhi kwa mikono miwili, akimsemesha. Kamera ikamsogelea usoni.

Rimoti ikamdondoka Shabani.

"Sogea, Dastan," Mama Pankras alisema. "Unamziba Devotha."