Usukani Mpya

Kila alasiri Mzee Mbarouk hunywa chai, hufuta vioo vya gari lake, kisha huzunguka mtaa. Leo ufunguo haukuwapo msumarini. Binti yake, Raiya, alimwita sebuleni, ambako alikuwa akihangaika kuunganisha usukani mpya na mashine kuukuu ya gemu.

"Endesha hili kwanza, Baba."

Mzee alikata kulia. Gari la kwenye runinga likanyooka, likagonga ukuta. Raiya akasonya, akachomoa waya, akachomeka tena. Likagonga.

"Mashine ya zamani haielewani na vitu vyenu vya kisasa. Nipe ufunguo wangu, mama."

"Subiri, Baba."

Akachomeka tena. Mzee akakata kona, akatabasamu. "Ahaa, sasa linakwenda."

Raiya akatazama runinga. Gari lilikuwa bado limeganda ukutani.

"Baba, huoni tena," alisema. "Ufunguo nimeuficha mimi. Naogopa."