Boriti ya Bi Lettice

Dira ya Mzee Wragg iligoma kuonyesha kaskazini.

Alikuwa amesimama mbele ya meko, chini ya boriti kubwa ya mwaloni, akiigeuzageuza dira kiganjani. Aliposogea dirishani, sindano ikatulia. Aliporudi chini ya boriti, ikayumba tena. Ambrose Kettley, msanifu aliyeichora nyumba hiyo na kusimamia kila jiwe lake, alijisogeza karibu.

"Ajabu," alisema Mzee Wragg.

"Labda ni zile koleo za moto, Mwenyekiti," Ambrose akajibu harakaharaka.

"Labda."

Wanachama wengine walikuwa wameshaanza kushambulia jibini la Bi Lettice, mjane mwenye nyumba, na kumiminiana pombe ya tufaha. Ndivyo Chama cha Ujenzi wa Mkono, kilichokataa chochote cha kiwandani, kilivyofanya. Mtu akimaliza nyumba, wenzake walikuja kula ndani yake, wakapapasa kuta na kuchungulia chini ya ngazi, kisha Mwenyekiti akatamka ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, wateja wanapanga foleni. Akisema hapana, basi tena. Na hii ilikuwa nyumba ya kwanza ya Ambrose kwa jina lake mwenyewe, baada ya ujana wote kuchorea watu wengine.

Penrice, msanifu mwenzao, aliambiwa hapana. Kosa lake lilikuwa mbao za sakafu zilizopasuliwa kwa mashine, na Mzee Wragg aliziona kabla hata ya kuvua kofia. Siku hizi Penrice anachora vyoo vya stesheni za reli, na wenzake wakimwona mjini wanavuka barabara.

Mbao tu, jamani! Ambrose yeye alikuwa na chuma kizima cha kiwandani, kimelala ndani ya mwaloni.

Hakukusudia. Boriti ilipasuka ukuta wa juu ukiwa umekwisha kujengwa, ufa wa kuingiza vidole, na juu yake ndipo chumba cha watoto wa Bi Lettice. Kungoja mwaloni mwingine ukauke ni miaka. Basi yeye na Enoch, seremala wake, waliushikilia ukuta kwa magogo, wakaichimba boriti tumboni, wakaingiza chuma, wakaziba kwa kipande cha mti uleule. Mtu aliyekuwa ameapa mbele ya Wragg kwamba hatajenga kamwe kitu kinachojifanya kile ambacho sicho! Tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana.

"Kettley, mbona jasho linakutoka?" aliuliza Fosdyke, mmoja wa wanachama, mdomo umejaa nyama. "Au umetuwekea mawe bandia ya plasta?"

Wote wakaangua kicheko. Ambrose naye akajilazimisha kucheka.

Mzee Wragg hakucheka. Alivua glavu, akapitisha kiganja upande wa chini wa boriti, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe kutafuta jipu. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mpaka pale Enoch alipoziba, hakikutangatanga hata kidogo. Kikasimama hapo. Ukucha ukaukwaruza mstari mwembamba ambao Ambrose mwenyewe, aliyejua ulipo, alipata shida kuuona.

Mungu wangu, amejua. Nimekwisha.

"Bi Lettice," mzee akasema bila kugeuka, "hebu waonyeshe hawa mabwana bustani yako."

"Lakini hata hawajamaliza kula, Mwenyekiti."

"Watamalizia huko nje. Nataka kubaki na Kettley."

Fosdyke aliacha kutafuna. Walitoka mmoja mmoja na sahani zao mkononi, wala hakuna aliyemtazama Ambrose usoni. Siku ya Penrice nayo walitolewa nje hivihivi.

Wragg alifunga mlango. Akaujaribu kama umefungika kweli. Halafu akafunga na dirisha.

Ambrose alishika mgongo wa kiti. Alimfikiria mkewe, Hester, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mume wake leo anaingia kundi la wakubwa. Atamwambia nini jioni?

"Ni cha kiwandani?" mzee aliuliza.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa..."

"Nimekuuliza. Ni cha kiwandani?"

"Ndiyo." Sauti ilimtoka nyembamba mpaka akaona aibu. "Watoto wanalala hapo juu, mzee wangu. Niliogopa. Nifukuze, nitaondoka, lakini nakuomba usiwaambie wakitoe. Wakikitoa, ukuta unashuka na watoto wa Bi Lettice."

Mzee alimsogelea mpaka Ambrose akasikia harufu ya tumbaku ndevuni mwake.

"Aliyekiingiza ni nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Acha uongo wako. Mikono yako hiyo haiwezi kuziba hivi. Nipe jina."

Ambrose aliutazama mlango. Enoch alikuwa na mama mgonjwa na nyumba ya kupanga. Akitajwa, hakuna atakayempa hata kiti cha kutengeneza katika bonde lote lile. Alijaribu kukaza mdomo. Lakini yale macho ya mzee yalikuwa hayamwachii, na hofu ikamshinda.

"Enoch Tuffley," alinong'ona, na papo hapo akajichukia. "Alifuata amri yangu tu. Usimguse, nakusihi."

"Enoch Tuffley," Mzee Wragg alirudia polepole, kama anayelihifadhi jina. Alichungulia dirishani kuhakikisha wenzao wako mbali, kule kwenye mawaridi. Kisha akashusha sauti.

"Mwambie aje kwangu Jumatatu, apitie mlango wa nyuma. Chuma cha kwenye boriti yangu kimeanza kuvuja kutu, na mke wangu amechoka kuifuta kila wageni wanapokuja."